SHAMBA NA NYUMBA: Tuchague plau kwa akili, si kwa macho



Kila mwaka shule zinapofunguliwa, mwanzoni mwa mwezi wa tisa, sisi walimu tunahesabu mabenchi. Mvua imeanza, mashamba yanangoja, na wasichana wakubwa ndio wanaokosekana kwanza. Hawajaacha masomo. Wako shambani na mama zao, jembe mkononi. Ndiyo sababu juma hili hatusemi juu ya uji wa watoto wala maji ya kunywa. Tunasema juu ya plau, ile ambayo wengine kwetu wanaiita sharui.

Mnajua kwamba akiba ya kundi imekua. Katika mkutano ujao tutaamua: tununue trakta ndogo ya magurudumu mawili pamoja na plau yake, au tuendelee kukodi? Kabla ya kuinua mikono, tukumbuke kosa letu.

Musimu A uliopita tulikodi. Kwa kuwa tulilipa pesa nyingi, tulitaka tuone kazi kubwa. Dereva alitaka kulima juu juu, sisi tukamwambia: «Zamisha, baba, tumelipa!» Akazamisha. Udongo mweusi ukaenda chini, mwekundu ukaja juu. Mahindi yaliota, lakini yakabaki mafupi na ya manjano. Jirani yetu aliyelima kwa jembe la mkono alivuna kutushinda. Kosa halikuwa la dereva. Lilikuwa letu.

Plau haifanyi kazi kama jembe. Ulimi wake wa chuma unakata kipande cha udongo upande wa chini, kisha bawa lililopinda linakiinua na kukilaza kifudifudi, ili majani yaozee ndani. Kipande kikiwa kinene kuliko ule udongo mweusi wenye rutuba, tunazika chakula cha mimea na kupanda mbegu kwenye udongo wenye njaa. Basi, kabla ya kulima, tuchimbe shimo dogo na kupima ule weusi unaishia wapi. Tusipite hapo.

Kuna kanuni nyepesi: kina kiwe nusu ya upana wa plau, au kizidi kidogo tu. Plau yenye upana wa sentimetre 20 inalima vizuri kwenye kina cha sentimetre 10 hadi 13. Plau pana zaidi inapendeza macho, lakini trakta ndogo itashindwa kuivuta. Magurudumu yatateleza na mafuta yataisha bure.

Tukifika kwa muuzaji, tuangalie haya:

- Ulimi uwe na makali, tena uwe umefungwa kwa bolti. Ndio unaoisha upesi, na lazima tuweze kuupata mwingine karibu.
- Bawa liwe laini, bila kutu. Bawa lenye kutu linashika udongo badala ya kuugeuza.
- Tundu na pini za kufungia zilingane na trakta. Tusikubali kusikia «fundi atarekebisha».
- Kwa wenzetu wa milimani, plau inayogeuzwa kulia na kushoto ni bora, hata kama bei yake iko juu. Inawezesha kulima kwa kukata mteremko na kulaza udongo upande wa juu kila safari, ili mvua isiushushe wote bondeni. Lakini pale penye mteremko mkali, trakta inaweza kupinduka na kumwumiza mtu. Huko tubaki na jembe letu.

Siku ya kulima, tushike udongo mkononi na kuufinya. Ukibaki donge linalonata, tungoje siku mbili tatu. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa ungali na maji unakauka kama matofali, na hakuna mbegu itakayoupenya. Ukivunjika kwa kuguswa kidogo, twende kazi.

Mfereji wa kwanza tuulime kwa kina kidogo, tena uwe umenyooka, kwa sababu yote mingine itaufuata. Kuanzia wa pili, gurudumu moja linapita ndani ya mfereji na trakta inalala upande. Hapo tusimame, turekebishe plau ikae sawa. Dereva wengi wanaruka hatua hii, na shamba linatoka na mabonde na vilima. Watoto wakae mbali. Jioni tuoshe plau, tuikaushe na kuipaka grisi.

Maoni yetu ni haya: tusitoe hata franka moja kabla muuzaji hajakubali plau ijaribiwe kwenye shamba letu, katika udongo wetu, sisi wenyewe tukiwa na rula mkononi. Akikataa, turudi na akiba yetu nyumbani. Na tukinunua, wamama wawili wajifunze kuendesha, ili tusimtegemee mtu mmoja.

Halafu tukubaliane jambo moja zaidi, liandikwe kwenye daftari la kundi: siku ambazo mashine itatuokolea ni za wasichana wetu. Plau ikilima na benchi likabaki tupu, tumenunua chuma tu.

Tuonane mkutanoni.