Wimbo Una Mwenyewe

Kuna neno moja ambalo watu waliosoma hupenda kulitumia wazungumzapo habari za wanawake waimbao, na kila nilisikiapo hunitia uchungu. Neno hilo ni "kugunduliwa". Husemwa kwamba mwimbaji fulani aligunduliwa mwaka fulani. Na ukiuliza aligunduliwa na nani, utajibiwa kwamba ni mtu mwenye mtambo wa kunasa sauti, au mtoaji wa tuzo, au mgeni aliyekuwa akipita njia. Kabla ya hapo, yaelekea, alikuwa kama dhahabu iliyofukiwa ardhini. Lakini dhahabu haiimbi. Mwanamke aimbaye husikiwa na jirani zake tangu siku ya kwanza afunguapo kinywa, nao humjua kwa jina lake na kwa jina la mama yake. Basi aliyekuwa hajui ni nani?

Nafundisha katika shule moja hapa Kisaju, kando ya barabara iendayo Namanga, katikati ya Kitengela na Isinya. Siku moja niliwaambia wanafunzi wangu waandike majina ya wanawake watano ambao sauti zao zawapendeza. Karatasi ziliporudi nilikuta Adele, Beyoncé na Rihanna wamejaa tele. Mwanafunzi mmoja, ambaye baba yake ametunza sahani za santuri za zamani, aliandika Ella Fitzgerald na Nina Simone. Wachache walimtaja Sanaipei Tande, kwa kuwa jina lake la Kimaasai huwapa fahari. Hapana hata mmoja aliyeandika jina la mtu aliyepata kumwona kwa macho yake akiimba.

Mwalimu mwenzangu alizisoma karatasi zile, akacheka, akasema, "Usiwalaumu, ndugu yangu. Wanawake wa kwetu hawakuwa waimbaji. Wao huimba tu, arusini na wakati wa kukama ng'ombe."

Nilimwuliza ni tofauti gani iliyopo baina ya kuimba na kuwa mwimbaji. Alifikiri kidogo, kisha akanijibu kwamba mwimbaji ni yule ambaye jina lake limeandikwa mahali.

Jibu lile lilikaa nami siku nyingi. Nilitaka kulipinga nisiweze, maana kwa namna tunavyoishi lilikuwa kweli tupu. Na kwa sababu ni kweli, ndiyo maana ni baya. Insha hii naiandika kwa ajili yake.

Simchukii Ella Fitzgerald, wala simtaki kijana yeyote aache kumsikiliza. Lakini tazama, msomaji, jinsi tunavyomjua. Twajua kwamba mwaka 1934, akiwa msichana wa miaka 17, alipanda jukwaani katika ukumbi wa Apollo, mtaa wa Harlem, New York, katika mashindano ya watu wasio na jina, akashinda. Usiku ule haukuwa mkubwa kuliko usiku mwingine ambao msichana aliimba mahali fulani duniani watu wakanyamaza. Ulikuwa mkubwa baadaye, kwa kuwa watu waliuandika, wakaurudia, wakawafundisha watoto wao. Wamarekani hawana makoo mazuri kuliko sisi. Wana kalamu zisizoona haya.

Nasi tunapoamua kuandika, twaweza. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, nyumbani mwa wafinyanzi. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alikuwa akitembeza vyungu vya mama yake kuviuza, na husimuliwa kwamba sauti yake ya kunadi ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Alipoingia mjini akajifunza kuimba na kupata sifa, wapo waliomdhihaki kwamba laula ile sauti asingekuwa na cha kula. Naye hakunyamaza, bali aliwajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 yeye na wenziwe walivuka bahari mpaka Bombay, wakaimba kwa Kiswahili katika sahani za santuri, na huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Aliimba mambo ya mji wake bila ya woga: hata ile habari ya Kijiti, aliyemwua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam kisha akatoroka, na adhabu ikawaangukia mashahidi. Mtu aliyeitwa Mtumwa alikufa mwaka 1950 akiitwa Siti, yaani bibi mwungwana, na Shaaban Robert, mwandishi mkubwa kuliko wote wa zama zile, aliona si aibu kuandika wasifu wake. Ndiyo maana leo namjua, mimi niliyezaliwa miongo mingi baada yake, mbali na bahari.

Mwaka ule ule wa 1950 jambo jingine lilitokea, nalo ni karibu zaidi na nyumbani. Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyetembea sehemu nyingi za Afrika na mitambo yake akinasa nyimbo, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Wasichana walimwimbia wimbo wa "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika mpaka vilima vile, na ndimi za wenyeji zikalitengeneza upya. Tracey aliandika kwamba katika fikira za wasichana wale Chemirocha alikuwa nusu mtu na nusu mnyama wa porini, mchezaji wa ajabu.

Habari hiyo imesimuliwa ulimwenguni mara nyingi, na kila mara husimuliwa kama kichekesho kitamu: Mmarekani aliyegeuzwa paa na wasichana wa Kiafrika! Kila msimulizi hulikumbuka jina la Jimmie Rodgers. Lakini aliyeongoza wimbo ule alikuwa na jina lake pia. Aliitwa Chemutoi Ketienya. Tena Tracey, tumpe haki yake, aliliandika. Mgeni, aliyepita mara moja na gari lake, alikumbuka kuuliza, "Na wewe u nani?" Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla ya sauti zile kurudishwa Kapkatet zisikilizwe na wenyewe. Katika miaka hiyo yote, sisi walimu wa nchi hii tulifundisha nyimbo ngapi za wanawake, na tuliandika majina mangapi?

Nitaulizwa: mbona Bi Kidude anajulikana? Naam, Fatuma binti Baraka anajulikana. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kule Uingereza, akiwa ajuza, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 dunia nzima ilipata habari. Walakini ukisoma baadhi ya maandishi ya wageni utadhani ajuza yule alianza kuimba siku ndege ilipotua Ulaya; kumbe alikuwa amepiga ngoma za unyago na kuwafunda wasichana wa Unguja kwa miaka mingi. Na Achieng Abura, Mkenya mwenzetu, aliyeichanganya jazi na mahadhi ya kwao hata ikawa kama zilizaliwa pamoja? Alifariki Oktoba 2016. Niliwauliza wanafunzi wangu juu yake, wakatazamana.

Sasa nataka kuwajibu wale wasemao kwamba sisi Waafrika hatujali nani alitunga nini, kwamba kwetu wimbo ni mali ya wote. Maneno hayo ni mazuri kuyasikia, ila si kweli. Fikirini juu ya "Malaika". Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri ya mwaka 1965, nao ukaenea kila pembe ya dunia. Na hapa kwetu tumegombana kwa miaka mingi juu ya mtungaji wake: wapo washikao kwamba ni Fadhili William, aliyeuimba katika santuri wa kwanza; wapo waapao kwamba ni Adam Salim. Watu wazima wamegombana kwa hasira juu ya jambo hili, nami nawasifu, maana jasho la mtu si la kuchezewa. Lakini angalieni ni nani wanaogombaniwa. Wimbo ukiwa wa mwanamume mwenye gitaa, twauliza mwenyewe ni nani. Wimbo ukiwa wa mwanamke mwenye kibuyu cha maziwa, twaandika "jadi" na kukunja karatasi.

Nasema "twaandika" kwa sababu nimeandika kwa mkono wangu.

Mimi si Mmaasai. Kazi ndiyo iliyonileta katika nyanda hizi, muda mfupi baada ya kutoka chuo cha ualimu. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kusoma nota, kupanga sauti nne na kuinua fimbo ya kuongozea kwaya. Nilidhani najua muziki. Kisha nikaalikwa katika sherehe kwa jirani mmoja, nyuma ya mashamba yaliyozungushiwa seng'enge, nikawasikia wanawake wakiimba. Wamaasai hawana desturi ya ngoma. Sauti ya mtu ndiyo ala yao, na shanga za shingoni hulia zenyewe mabega yanapoinuka. Anayeongoza huitwa olaranyani. Yeye huanza, wengine humpokea; huongeza neno, wengine hulipima kwa kicheko au kwa kimya; na asipokuwa na neno jipya wimbo hufa mikononi mwake. Aliyeongoza siku ile alikuwa mama mzee, nyanya wa wanafunzi wangu wawili. Nilisimama pale nikaona nota zangu zote ni kijiti cha kuchorea mchangani.

Nilimwomba aje shuleni awafundishe watoto wimbo ule kwa ajili ya mashindano ya nyimbo. Alikuja siku tano kwa miguu, akaketi chini ya mti, akawasahihisha watoto mpaka wengine wakatoka machozi. Mimi niliondoa beti mbili zilizokuwa ndefu, nikawapanga watoto kwa kimo, nikawafundisha namna ya kuingia jukwaani. Ilipofika siku ya kujaza karatasi ya kuandikisha wimbo, kulikuwa na nafasi ya asili ya wimbo, nikaandika "Jadi, Kimaasai". Kulikuwa na nafasi ya jina la aliyeufundisha, nikaandika jina langu. Tulishinda. Kombe liliwekwa ofisini, picha ilipigwa, mimi nikiwa katikati. Yeye hakualikwa kuja kutazama, kwa kuwa gari lilikuwa dogo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Hapakuwa na mwizi mwingine katika habari hii. Hakuna Mzungu aliyekuja na mtambo wake, wala kampuni ya santuri, wala mfanyabiashara wa Nairobi. Alikuwa mwalimu aliyewapenda watoto na kuupenda wimbo, akaona kwamba jina la mama mzee si jambo la kuandikwa.

Mtu atasema, kama mwenzangu alivyosema tena nilipomweleza, kwamba wimbo wa jadi ni wa jamii nzima, na hata sheria iliyopitishwa na Bunge la Kenya mwaka 2016 juu ya maarifa na sanaa za jadi huweka haki mikononi mwa jamii. Sawa, na iwe hivyo, ili mjanja mmoja asije akauza urithi wa wengi. Lakini kama wimbo ni wa wote, jina langu lilikuwa likifanya nini kwenye karatasi ile? Ama tufute majina yote, ama tuandike yote. Kinachonichukiza ni huu ujamaa wa nusu, ambao humfanya mwanamke kuwa "jamii" na kumwacha mwalimu kuwa mtu.

Nanyi vijana msomao insha hii, msidhani kwamba mmepona kwa kuwa hamkujaza karatasi. Katika simu zenu mna sauti za shangazi na bibi zenu mlizonasa arusini, mkazipeleka kwa rafiki bila ya neno lolote chini yake isipokuwa alama ya kucheka. Hugh Tracey alibeba mitambo mizito kwa gari akaandika jina. Ninyi mnabeba mtambo mfukoni, na kuandika jina kwawachukua muda usiozidi wa kupiga chafya.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa yule mama na karatasi mpya mkononi. Nilimwamkia, nikamwambia, "Koko, mwaka jana nilikukosea," nikamweleza jinsi nilivyoandika. Hakukasirika wala hakunifariji. Jina lake silitaji hapa, kwa sababu idhini aliyonipa ilikuwa ya karatasi ile, si ya kitabu hiki. Nitakwenda tena kumwomba.

Aliniuliza, "Mwalimu, karatasi hiyo ina nafasi ya watu wangapi?"

Nikamwambia ni ya mtu mmoja.

Akatikisa kichwa. Maneno ya ukame wa mwaka 2022, ng'ombe walipokwisha, yalikuwa yake. Hayo ameyatia mwenyewe. Bali mwanzo wa wimbo aliupokea kwa mke mwenziwe mama yake, aliyekuwa akiuimba wakati wa kukama, naye alikwisha kufa. Alimtaja jina. Akalitaja tena, polepole, herufi kwa herufi kama aonavyo wajukuu wakifanya, akihakikisha kwamba kalamu yangu inatembea. Nafasi ilijaa. Nikaigeuza karatasi, nikaendelea kuandika upande wa nyuma.