Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Iringa, Njombe na Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania. Mahindi, maharage na viazi hutoka huko kwa malori. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Anayedai dawa ya udumavu ni kuongeza mavuno hana budi kueleza kwa nini ghala lililojaa na mtoto aliyedumaa wanakutwa katika kaya moja. Nionavyo, kilichoadimika zaidi huko ni muda wa mama. Mjamzito analima, anachota maji, anatafuta kuni. Akishajifungua anarudi shambani mapema, na mtoto anaachiwa dada yake mdogo na bakuli la uji wa mahindi. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Uji mwepesi mara mbili kwa siku haumtoshi, hata gunia likiwa pembeni.

Wapo wasemao watu wa huko ni wafupi kwa asili. Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Ghana, India, Brazil, Norway, Oman na Marekani, na waliotunzwa vizuri walikua kwa kimo kinachokaribiana sana. Wengine husema kinachokosekana ni elimu. Inahitajika, nakubali, lakini mama anayeyajua makundi ya vyakula na hana nafasi ya kupika mara nne kwa siku hasaidiwi na semina nyingine. Iringa yenyewe ilishaonyesha njia: katika miaka ya 1980, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, vijiji 168 vilipima watoto wao, vikajadili matokeo, vikaanzisha vituo vya kuwalisha watoto hao mchana, wazazi wakiwa kazini. Utapiamlo mkali ukashuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Huo ulikuwa upungufu wa uzito, na kimo huchelewa kurekebika. Lakini kijiji kiliubeba mzigo pamoja na mama.

Leo halmashauri zinatakiwa kutenga Sh1,000 za lishe kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Diwani unayesoma haya, uliza kwenye kikao kijacho: katika fedha hizo, ni kiasi gani kimempunguzia mama kazi?