Mshahara kwanza, tiketi baadaye

Ibra, Sur na Nizwa zimejaa nyumba zinazozungumza Kiswahili, na binti wa Kitanzania anayekwenda kufanya kazi huko hudhani amefika kwa ndugu. Lakini "subiri kidogo, mwanangu" haiwezi kulipa deni la miezi mitano. Sheria ya kazi ya Oman ya 2003 iliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani, na mwaka 2017 Human Rights Watch ilieleza jinsi Watanzania walivyodhulumiwa mishahara huko. Tunasema tiketi ya kurudi isipokelewe kabla ya hesabu. Aandike miezi anayodai, atunze nakala ya mkataba, apeleke malalamiko Wizara ya Kazi au ubalozi wa Tanzania mjini Muscat, angali Oman. Tajiri huwahi kuripoti kwamba mfanyakazi ametoroka. Basi mfanyakazi amtangulie.