Chai juu ya mlo humnyima mjamzito damu

Mjamzito anapotoka kliniki akiwa ameambiwa damu yake ni 9, ushauri humfikia kabla hajafika nyumbani. Jirani anamwambia anywe juisi ya rozela. Wifi yake anasema bitiruti ndiyo kiboko. Mama mkwe anampikia mchicha mchana na usiku. Mwezi unaofuata anapimwa tena, damu ni ile ile, na lawama zinamwangukia yeye kwamba hali vizuri.

Pengine anakula vizuri tu. Tatizo likawa kikombe cha chai anachoteremshia chakula.

Mwili unahitaji madini ya chuma ili kutengeneza damu, na chuma cha kwenye chakula ni cha aina mbili. Kile cha nyama na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Cha mboga, maharage na nafaka huingia kidogo tu, na kiasi kinachoingia hutegemea kimekutana na nini tumboni. Kikikutana na tanini iliyomo kwenye majani ya chai, hushikwa na sehemu kubwa hutoka na choo. Kahawa nayo hufanya hivyo, na kalsiamu ya maziwa hupunguza pia.

Ndiyo maana chai ya asubuhi na kipande cha muhogo haina hasara kubwa, kwa kuwa chuma cha kupotea hapo ni kidogo. Hasara iko kwenye ile chai inayofuata ugali, maharage na matembele. Mpenda chai hana haja ya kuiacha. Aisogeze tu, saa moja au mbili baada ya kula.

Vitamini C hufanya kinyume cha tanini, yaani hukisaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Iko kwenye ndimu, chungwa, embe, kachumbari, na zaidi kwenye mapera, ambayo wengi huyaona ni matunda ya watoto. Kwa kuwa vitamini hii huharibiwa na moto, ndimu ikamuliwe chakula kikishaepuliwa. Dagaa wachache wakichanganywa kwenye mchicha nao husaidia, maana samaki hukisaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe.

Na ile bitiruti? Wekundu wake ni rangi tu, chuma chake ni kidogo. Anayeipenda anywe, ila asiitegemee imwongezee damu. Maini, kwa upande mwingine, yana chuma tele lakini pia yana vitamini A nyingi mno, ambayo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Mjamzito asiyafanye kitoweo cha kila siku.

Hata hivyo, damu ikishafika 9, chakula peke yake mara nyingi hakitoshi. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya 11 katika miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho, na chini ya 10.5 katika ile ya katikati. Anayeingia leba na damu pungufu yuko hatarini zaidi akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Kwa hiyo zile tembe za FEFO za kliniki, zenye chuma na asidi ya foliki, hazina mbadala wa jikoni. Wengi huziacha kwa sababu ya kichefuchefu, au kwa hofu wakiona choo cheusi. Choo cheusi ni kawaida kwa anayetumia tembe hizo. Kichefuchefu kikisumbua, anaweza kuzimeza usiku anapokwenda kulala, kwa maji au juisi ya chungwa, si kwa chai.

Hamu ya kula udongo nayo isifichwe kwa aibu. Mara nyingi ni dalili ya upungufu huo huo, na udongo wenyewe unaweza kukishika chuma tumboni kama chai ifanyavyo. Muuguzi aambiwe. Aambiwe pia iwapo tembe zimetumika mwezi mzima bila damu kupanda, ili apime malaria, minyoo na selimundu, ambayo hata ndimu haiyawezi.