Dabi isiyo ya Simba na Yanga

Mimi mzima hapa Isipingo, kusini mwa Durban, zamu za usiku tu ndizo zinanimaliza. Leo nina dabi, lakini si ya Simba na Yanga. Ni dabi ya sinema: sauti ya mwigizaji inaondolewa, inaingizwa ya mtu mwingine kwa lugha nyingine.

Huko nyumbani wengi wanaita dabi hata kazi ya Lufufu (Derek Mukandala) pale Dar, au ya DJ Afro kule Kenya. Mimi nakataa. Wale wanasimulia juu ya filamu, wanatia chumvi, lakini kwa mbali bado unamsikia mwenyewe. Dabi kamili haikuachii cha kulinganisha.

Mwenye nyumba wangu, mzee wa Kihindi, kanipa mfano. Miaka ya 1980 SABC ilionyesha Miami Vice kwa Kiafrikaans, ikaitwa Misdaad in Miami. Kuanzia 1986, asiyetaka Kiafrikaans alizima sauti ya TV akafungulia Radio 2000, akapata Kiingereza chenyewe sambamba na picha. Wakaiita simalkasti.

Mtauliza, nesi na dabi wapi na wapi? Bibi mmoja Mzulu aliongea karibu dakika nzima. Binti yake akanigeukia: "Anasema anaendelea vizuri." Dakika nzima, maneno matatu! Lakini katikati nilikuwa nimedaka "angilali". Jamani, hilo hata sisi tunalihisi: silali. Nikamwita nesi mwenzangu Mzulu amuulize upya. Kumbe bibi akilala chali pumzi inakata, usiku kucha anakesha ameketi. Dalili hiyo nesi hawezi kuiacha ipite, huenda moyo umeelemewa. Daktari akaitwa usiku uleule.

Binti hakuwa mbaya, aliogopa tu mama asilazwe tena. Ila alimdabi mama yake.

Msimamo wangu ni huu: sinema dabini mtakavyo. Mgonjwa mwacheni asikike, mkalimani akae pembeni asimfunike.

Na nyie kaka na dada zangu, nikipiga simu kumjulia hali mama, msiniambie "hajambo, usiwe na wasiwasi". Mpeni simu aongee mwenyewe.

Nawasilisha.