Tundu la pili halikufa



Jioni moja baba wa mtaa wetu alinijia nyumbani, akimshika mwanawe mkono. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu. Baba akaweka mezani kinanda kidogo cha mdomo, kile wengine wakiitacho armonika, akasema: «Mwalimu, nilikinunua kwa franka za jasho langu, na kabla ya mwezi kwisha mtoto huyu amekiharibu. Tundu la pili limekufa. Nimemwadhibu, naye angali anakana.»

Nilikipangusa vizuri, nikavuta pumzi polepole katika tundu lile. Likalia. Nikampa baba naye ajaribu. Akavuta kwa nguvu zake zote: kimya! Basi mtoto alikuwa ameadhibiwa kwa kosa asilolifanya.

Yafaa jamaa nyingi zijue jambo hili, maana vijana wengi siku hizi watamani kupiga blues. Muziki huo ulizaliwa kusini mwa Marekani, kati ya watu weusi, wana na wajukuu wa watumwa waliotolewa Afrika. Na baadhi ya wazee wao walitoka pande hizi za Kongo. Ni kweli, mara nyingi ulipigwa katika nyumba za pombe. Lakini shina lake ni maombolezo ya mtu aliyeonewa, na Zaburi nazo zatufundisha kwamba kulia mbele ya Mungu si dhambi.

Anayeanza atafute kinanda chenye matundu 10, kilichoandikwa herufi C, maana yake do. Akishike kwa mkono wa kushoto, tundu la 1 likiwa upande wa kushoto. Ndani mna ndimi nyembamba za shaba 20: 10 zalia ukipuliza, 10 zalia ukivuta pumzi. Hapo pana tofauti kubwa na filimbi, ambayo hulia kwa kupuliza tu.

Kazi ya kwanza ni kulitoa tundu moja peke yake. Kaza midomo kidogo kama mtu apigaye mluzi, ukiingize kinanda ndani ya midomo, si kukigusa kwa ncha tu. Kisha panda ngazi: tundu la 4, puliza do, vuta re, la 5, puliza mi, vuta fa, la 6, puliza sol, vuta la, la 7, vuta kwanza upate si, ndipo upulize do. Robo saa kila siku yatosha. Saa tatu za Jumapili moja hazifai kitu.

Sasa tufike kwenye blues yenyewe. Wapigaji wake hawakai katika do. Kinanda ni cha do, lakini wao hufanya sol kuwa nyumba yao, na sol hiyo hupatikana kwa kuvuta tundu la 2. Kwa hiyo blues hukaa zaidi katika pumzi iingiayo. Wimbo wake wa kawaida una vipimo 12: 4 katika sol, 2 katika do, 2 katika sol, kisha 1 katika re, 1 katika do, na 2 za mwisho kurudi nyumbani. Yahesabu kwa mguu kabla ya kuyapiga kwa mdomo.

Ile sauti iliayo kama mtu huitwa sauti ya kupindwa. Vuta tundu la 4, huku ulimi ukiondoka mahali pa kusema «i» na kwenda mahali pa kusema «u». Sauti itashuka kidogo. Huenda ikakuchukua majuma mengi. Usikasirike, wala usiongeze nguvu. Na hii ndiyo sababu ya tundu la pili kunyamaza: mwanafunzi avutapo kwa nguvu, huku koo na ulimi vimekazwa, ulimi wa shaba husongwa usiweze kucheza. Legeza taya, shusha ulimi, vuta kama mtu apumuaye usingizini. Tundu litafufuka.

Kabla ya kupiga, sukutua mdomo kwa maji. Ukimaliza, kigonge kinanda taratibu kiganjani ili mate yatoke. Usikiazimishe ovyo, maana mate hupitisha magonjwa.

Kuna Mmarekani mweusi mmoja ambaye mfano wake wafaa watoto wetu: DeFord Bailey, aliyezaliwa Tennessee mwaka wa 1899. Alipokuwa na umri wa miaka 3 alishikwa na polio, akalala kitandani karibu mwaka mzima. Huko kitandani ndiko alikoanza kupiga kinanda cha mdomo. Baadaye aliiga gari la moshi hata msikilizaji akadhani aliona moshi wake, na mwaka wa 1927 muziki huo ulitiwa katika sahani za santuri. Fikirini, wazazi: kelele za kwanza za mtoto yule mgonjwa zingalizimwa kwa fimbo, nani angalimsikia?

Nilipokwisha kumweleza baba haya, alijaribu tena, safari hii polepole. Tundu la pili likalia. Akanyamaza kitambo, akakiweka kinanda katika mkono wa mwanawe, akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa, akasema: «Mwanangu, nimekukosea.» Mtoto hakujibu neno, lakini walirudi nyumbani pamoja, na njiani nilisikia do, re, mi, zikiyumbayumba gizani.

Wahenga walisema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Neno hilo ni la mwanafunzi wa kinanda, na ni letu sisi wazazi na waalimu pia.