Kama ni Kuhama, Tuhamie Mwezi Upi?



Mwaka huu tumeona tuandike juu ya swali ambalo limetushughulisha darasani kuliko hata hesabu za mirathi. Kila tunapofundisha mwandamo wa mwezi na nyakati za sala, hawakosekani vijana wanaouliza: je, miezi ya sayari nyingine inakalika? Na kama binadamu watapelekwa kuishi huko siku za usoni, wapelekwe mwezi upi? Wapo wazazi waliotuambia kuwa hayo ni maswali ya kupoteza wakati, na kwamba mtoto ambaye hajahifadhi juzuu moja hana haja na Zohali. Tunaiheshimu rai hiyo, lakini hatuikubali. Majina yenyewe, Zohali na Mshtarii, yametujia kutoka Kiarabu, lugha ileile tunayowasomesha watoto, na elimu ya falaki ni jamaa wa fiqhi tangu zamani. Kijana anayeuliza habari za miezi hajatoka nje ya darasa.

Kwanza tuelewane. Hatusemi kuwa dunia imekwisha na watu wafunge mizigo. Mwenye kuiharibu nyumba yake kwa taka na moshi, kisha akatafuta nyingine, ataiharibu na hiyo pia. Wala hatuzungumzii Mirihi, ambayo iko karibu zaidi na bila shaka ndiyo itakayotangulia kukanyagwa. Tunazungumzia mbali zaidi ya hapo, kule ambako sayari zenyewe ni mipira mikubwa ya gesi isiyo na mahali pa kuweka mguu, kwa hiyo anayetaka kutua hana budi kutua juu ya mwezi mmojawapo. Na huko miezi ni mingi. Mshtarii ina zaidi ya 90 inayojulikana, na Zohali ina zaidi ya 270. Mingi katika hiyo ni mawe na mabonge ya barafu tu. Inayostahiki kujadiliwa haifiki hata kumi.

Watu wanapojadili jambo hili huanza kwa kuuliza: huko kuna nini? Kuna maji? Kuna mafuta? Sisi tunaona wameanzia mwisho. Swali la kwanza liwe: mtu akikosea huko, atapata nafasi ya kurekebisha? Kwani watakaohamia si malaika. Watasahau kufunga mlango, watachana nguo, mtoto atachezea kitufe alichokatazwa. Dunia hii inatusamehe makosa mengi kila siku wala hatuoni, kwa sababu hewa iko kila mahali na hailipiwi. Mwezi usiosamehe kosa hata moja unaweza kuwa kituo cha watafiti. Makazi ya familia hauwezi kuwa.

Tuipime miezi kwa kipimo hicho. Mwaka 1610 Galileo aliielekeza darubini yake kwenye Mshtarii akaona miezi minne, nayo ni Io, Europa, Ganymede na Callisto. Io tuiache upesi, maana ina volkano nyingi zinazotema moto na salfa. Europa ndiyo kipenzi cha magazeti. Ni nyeupe, laini, na chini ya barafu yake inaaminika kuna bahari yenye maji mengi kuliko bahari zetu zote. Lakini nyumba njema si mlango. Mshtarii imezungukwa na mionzi mikali, na juu ya uso wa Europa mionzi hiyo hufikia kiasi cha sivati 5 kwa siku moja. Sivati ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini, na kiasi hicho kinatosha kumwua mtu. Ganymede, ambayo ndiyo mwezi mkubwa kuliko yote inayolizunguka jua pamoja na sayari zake, ina nafuu. Hata hivyo mtu aliyesimama nje huko kwa siku moja tu angepata mionzi mingi kuliko anayoruhusiwa mfanyakazi wa hospitali kwa mwaka mzima.

Callisto ni habari nyingine, na hapa lazima tuwe waadilifu, kwani wengi wenye elimu wameichagua. Iko umbali wa kilomita milioni 1.88 kutoka Mshtarii, nje ya eneo la mionzi mikali. Ardhi yake ni ya kale, imetulia, haina volkano wala mitetemeko ya kutajika, na barafu ya kuyeyusha maji ipo. Mwaka 2003 wataalamu wa NASA walipotafuta mahali pa kuwapeleka watu kupita Mirihi, waliichagua Callisto. Kama swali lingekuwa wapi pa kujenga kituo cha watu wachache kwa miaka michache, nasi tungesema Callisto bila kusita.

Lakini Callisto haina hewa ya kutajika. Mtu anapotoka nje amezungukwa na utupu, na nguo yake ikipasuka hupoteza fahamu katika muda wa sekunde kumi na tano hivi. Nyumba ikipata ufa, hewa yote hukimbilia nje. Mkaaji wa Callisto ataishi maisha yake yote kama mtu aliye ndani ya chupa, huku kila anayemzunguka akiogopa chupa isivunjike. Watu wazima waliofunzwa wanaweza kuvumilia hivyo. Mtoto wa miaka sita je?

Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 500 hivi, unarusha maji angani kutoka chini ya barafu yake, na mvutano wake ni hafifu mno kwa mtu kutembea. Huo na Europa tunaona iachwe kwa utafiti, kwani huenda chini yake kuna viumbe hai, na mgeni hapaswi kumwaga uchafu katika kisima asichojua kama kina wenyewe. Triton, mwezi wa Neptuni, una baridi ya nyuzi 235 chini ya sifuri, na chombo kimoja tu, Voyager 2, ndicho kilichowahi kupita karibu yake, mwaka 1989. Huo tuwaachie wajukuu wa wajukuu.

Umebaki mmoja, nao ndio chaguo letu: Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, ulioonwa kwanza na Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1655. Katika miezi yote tunayoijua, ni Titan peke yake wenye hewa nzito. Sehemu kubwa ya hewa hiyo ni naitrojeni, kama ilivyo hewa yetu, na iliyobaki ni methani zaidi. Uzito wake juu ya ardhi ni kama mara moja na nusu ya huu tunaobeba sisi hapa. Maana yake nini? Maana yake ni kuwa mtu wa Titan hahitaji lile vazi gumu lililojazwa upepo. Anahitaji nguo za joto kwelikweli, na kinyago cha kumletea oksijeni. Nguo ikichanika ataumia kwa baridi, lakini damu yake haitachemka, na huenda akapata muda wa kurudi mlangoni. Nyumba ikipata ufa, hewa ya ndani haifyonzwi nje kwa kishindo, kwa hiyo fundi anaweza kuuona na kuuziba. Tena hewa ile ni paa linalozuia mionzi ya angani. Hiki ndicho tulichokiita kusamehe.

Hatukisii tu. Chombo cha Cassini kilirushwa mwaka 1997, kikafika Zohali mwaka 2004, na tarehe 14 Januari 2005 kile chombo kidogo kilichobebwa nacho, kilichopewa jina la Huygens, kilishuka kwa mwavuli kwa zaidi ya saa mbili mpaka kikatua juu ya Titan. Mpaka leo hakuna chombo kilichotua mbali zaidi ya hapo. Kilileta picha ya uwanda wenye mawe ya duara, kama ya kwenye mto. Mawe yale ni ya barafu, na mito ya huko hupitisha methani, kwa kuwa kwenye baridi ile methani huwa kimiminika. Kuna mvua yake, kuna maziwa yake, na ziwa kubwa kuliko yote linaitwa Kraken Mare. Hewa ni nzito na mvutano ni mdogo, kiasi cha sehemu moja ya saba ya huu wa duniani, hata wataalamu wamesema mtu akijifunga mabawa mikononi angeweza kuruka kwa nguvu zake. (Tunajua fika kwamba wanafunzi wetu wakilisoma hili hawatasoma tena kitu kingine katika makala haya.)

Sasa aibu za Titan, maana mwenye kuposa haambiwi uzuri peke yake. Baridi ni nyuzi 179 chini ya sifuri. Ardhi yenyewe ni barafu, kwa hiyo nyumba yenye joto ikijengwa juu yake bila kuinuliwa itayeyusha msingi wake na kuzama. Mwanga wa jua unaofika Zohali ni kama sehemu moja ya 90 ya huu wetu, na ukungu wa Titan hupunguza zaidi, hata adhuhuri yake ni kama hapa baada ya jua kuchwa. Na wale wanaoisifu kwa wingi wa gesi, ambayo kweli inazidi mara mamia akiba yote inayojulikana duniani, wamesahau jambo moja: kuni haziwaki bila oksijeni, na Titan oksijeni hakuna ila ile iliyofungwa ndani ya barafu. Kuitoa humo hugharimu nguvu nyingi kuliko utakazopata kwa kuchoma gesi hiyo. Kwa hiyo umeme wa huko hautatoka ziwani. Kwa miaka mingi utatokana na mitambo ya nyuklia itakayobebwa kutoka huku.

Kisha kuna umbali. Cassini ilitumia karibu miaka saba njiani. Ujumbe wa redio huchukua zaidi ya saa moja kwenda tu. Kijana wa Titan akimwambia mama yake aliye huku "Shikamoo", "Marahaba" itamfikia baada ya saa mbili na zaidi. Mgonjwa wa huko hasafirishwi kwenda hospitali kuu.

Na hapa ndipo msimamo wetu unapokuwa mgumu. Tunaichagua Titan, lakini tunapinga watu kupelekwa kuzaa huko kabla ya mambo mawili kuthibiti. La kwanza ni kuwa anayetaka kurudi aweze kurudi. La pili ni mwili wa mtoto. Wanaanga wanaokaa bila uzito hupoteza takriban asilimia moja ya uzito wa mifupa fulani kila mwezi, na mvutano wa Titan ni mdogo hata kuliko wa mwezi wetu. Hakuna mtoto aliyewahi kukua katika hali hiyo. Mtu mzima ana haki ya kuihatarisha safari yake kwa hiari. Mtoto atakayezaliwa huko na mifupa isiyoweza kusimama duniani hakuulizwa, na atakuwa amefungiwa Titan na wazazi wake kabla hajazaliwa. Wapangaji wa safari huandika sana juu ya injini, na juu ya hili huandika kidogo. Tungependa wageuze.

Wazazi watauliza, na ibada je? Swali hilo si geni. Mwaka 2007 Dk. Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipaa angani katika mwezi wa Ramadhani, na wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo: aelekee Al-Kaaba akiweza, asipoweza aelekee usawa wake wa juu, kisha dunia yenyewe, na akishindwa, popote. Nyakati za sala alipewa za mahali aliporushiwa. Titan ni mtihani mkubwa zaidi. Mchana na usiku wake kwa pamoja ni karibu siku 16 zetu, kwa hiyo mtu hawezi kungoja jua lipinduke ndipo aswali adhuhuri. Itabidi kukadiria kwa saa, kama wanavyofanya Waislamu wa nchi za kaskazini ambako jua wakati mwingine halizami. Ama kibla, ukiwa Zohali dunia haiachani na jua kwa zaidi ya nyuzi sita hivi, kwa hiyo kibla cha Titan ni kulielekea jua ambalo ukungu hauliachi lionekane, na muda wa siku nane hivi liko chini ya nyayo zako.

Chombo kingine, Dragonfly, kimepangwa kurushwa mwaka 2028 na kufika Titan mwaka 2034. Kina mabawa yanayozunguka kama helikopta, na kitatua penye vilima vya mchanga mweusi. Mtoto aliye darasa la kwanza hapa kwetu leo atakuwa kijana wakati huo. Maji ya udhu huko ni jiwe la kupasua na kuyeyusha, na yakikosekana umebaki mchanga. Lakini mchanga ule si udongo wala si jiwe, ni chembe za jamii ya mafuta zilizodondoka kutoka hewani. Je, unafaa kutayamamia? Walimu tumekwisha kubishana wenyewe kwa wenyewe na hatujaafikiana. Wanafunzi wa fiqhi walete majibu yao kwa maandishi, pamoja na dalili.